Wapigaji wa Kriketi wa Pakistani: Saa, Mpira na Jamvi

Chunyu ni kata ya Wilaya ya Ruangwa, katika Mkoa wa Lindi, na mtu wa huko akiandika juu ya kriketi hana budi kutoa sababu. Mchezo wa kwetu ni mpira wa miguu. Ruangwa inatajwa nchini kwa timu yake ya Namungo, na mtoto wa Chunyu akionekana ameshika gongo, aghalabu anakwenda kuangua maembe. Walakini swali ninalokusudia kulijadili halina mji wala mchezo wake peke yake. Kila penye uwanja pana mzee asemaye kwamba wachezaji wa ujana wake hawana mfano, na pana kijana amjibuye kwamba wazee hao, lau wangalirudi leo, wasingalidumu hata nusu saa. Ubishi huo huwa mtamu, na huwa hauishi. Mimi nauona kuwa ni ubishi wa historia, nao unahitaji kuamuliwa kwa njia za historia: kwanza tujue kila upande unapima kwa kipimo gani.

Nimewachagua Wapakistani kwa sababu mbili. Ya kwanza, wapigaji wao wa zamani na wa sasa wametofautiana kiasi cha kumfanya mgeni adhani wanacheza michezo miwili. Ya pili, mambo makubwa mawili ya habari hii yanatugusa sisi wa Afrika Mashariki: moja lilitendeka Nairobi, na jingine linahusu nyuzi za nazi, ambazo mtu wa pwani ya Lindi hahitaji kufundishwa.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo, maneno machache yatatosha. Mrushaji hutupa mpira mgumu ili auangushie vijiti vitatu vilivyosimamishwa nyuma ya mpigaji; mpigaji huvilinda kwa gongo lake (naomba neno hili lisidhaniwe kuwa kinywaji), na akiupeleka mpira mbali hukimbia kujipatia mikimbio. Mpira ukivuka mpaka wa uwanja kwa kutambaa ni mikimbio minne. Ukivuka bila kugusa chini ni sita. Mechi kubwa baina ya mataifa, iitwayo Testi, huchezwa siku tano, na zamani iliweza kufika sita. Mechi ya siku moja ina ukomo wa idadi ya mipira. Katika Testi mtu aweza kushinda, kushindwa, ama kudumu mpaka muda ukaisha, mechi ikawa sare. Neno hilo la kudumu ndilo lililomtukuza Hanif Mohammad.

Januari 1958, katika mji wa Bridgetown, kisiwani Barbados, timu ya West Indies ilipiga mikimbio 579 kabla ya kufunga zamu yake kwa hiari. Pakistani ilijibu kwa 106 tu, ikalazimishwa kupiga mara ya pili hali ikidaiwa mikimbio 473. Zilibaki siku tatu na zaidi, na hapakuwa na mtu aliyetazamia kitu ila kushindwa. Hanif, kijana wa miaka 23, akaingia akasimama. Alisimama siku hiyo, na ya pili yake, na ya tatu, na siku ya sita akatolewa akiwa na mikimbio 337. Pakistani ilikuwa imefika 657 kwa watu wanane, na mechi ikaisha sare. Vitabu vya hesabu huandika kwamba alipiga kwa dakika 970, yaani zaidi ya saa 16. Mwenyewe alishikilia maisha yake yote kwamba zilikuwa 999. Hakuwa na kofia ngumu kichwani, maana kofia hizo zilienea miaka ipatayo 20 baadaye, na miongoni mwa waliomrushia alikuwamo Roy Gilchrist, ambaye kasi yake ilihofiwa kote mchezo ulikochezwa.

Namwomba msomaji aangalie kwamba watu walibishana juu ya dakika zake. Juu ya idadi ya mipira aliyoipokea hapakuwa na ubishi, kwa kuwa hapakuwa na aliyejali kuihifadhi sawasawa. Nitalirudia jambo hili.

Sasa turudi kwenye nyuzi za nazi. Katika nchi za mvua na majani laini, mpira wa kriketi hudundia juu ya nyasi zilizokatwa na kushindiliwa. Katika nchi kavu, nyasi za namna hiyo ni kazi na gharama, basi watu wakatandika jamvi juu ya udongo mgumu: jamvi la usumba, ule utokao katika makumbi ya nazi, au la nyuzi nyingine. Ndivyo vilivyokuwa viwanja vingi vya Afrika Mashariki kwa miaka mingi, na ndivyo vilivyokuwa vingi vya Pakistani katika miaka yake ya mwanzo. Hata ushindi wake wa kwanza wa Testi, ulioipata India huko Lucknow mwaka wa 1952, ulipatikana juu ya jamvi. Jamvi lina tabia yake. Hudundisha mpira juu, na likikazwa sana huudundisha kwa namna moja siku nzima, likalegezwa kidogo mpira ukapinda. Mpigaji aliyelelewa juu ya jamvi hujifunza kungoja, na kuutazama mpira mpaka unapofika chini ya macho yake.

Juu ya jamvi la namna hiyo, huko Karachi, Januari 1959, Hanif alipiga mikimbio 499 katika mechi ya Karachi na Bahawalpur. Duniani hapakuwa na mtu aliyewahi kufika huko katika mechi za daraja la kwanza, na idadi hiyo haikupitwa mpaka Brian Lara alipopiga 501 nchini Uingereza mwaka wa 1994. Habari ya mkimbio wa 500 aliokosa Hanif inafaa kusomwa na kila mwanafunzi wa historia. Siku ilikuwa inakwisha, imebaki mipira miwili, na ubao wa uwanja ulionyesha kwamba ana 496. Akaona kwamba lazima apate nafasi ya kupokea mpira wa mwisho, akakimbia mkimbio wa pili usiokuwa na salama, akatolewa akiwa njiani. Ndipo alipojua kwamba ubao ulikosea: alikuwa na 498 kabla ya mpira ule. Lau angaliujua ukweli, asingalikuwa na haja ya haraka ile. Basi hata ile idadi tunayoiandika kwa wino, 499, imezaliwa na kosa la mtu aliyekuwa akipanga tarakimu ubaoni.

Mwaka huo huo, Desemba, Rais Eisenhower wa Marekani alipita Karachi, akapelekwa Uwanja wa Taifa kutazama Testi ya Pakistani na Australia. Siku hiyo nzima, tangu kuanza mpaka kufunga, Pakistani ilipata mikimbio 104. Yasimuliwa kwamba mgeni alistaajabu kuona jamvi, kwa kuwa alidhani kriketi huchezwa juu ya nyasi, na kwamba mwenyeji wake, Rais Ayub Khan, hakulisahau neno hilo. Iwe ni kwa sababu hiyo au kwa nyingine, haukupita muda mrefu majamvi yakaondoshwa katika viwanja vikubwa vya nchi hiyo. Hanif alikuwa miongoni mwa waliopiga siku ile, na alimaliza zamu yake siku iliyofuata na mikimbio 101, hajatolewa. Hakuna aliyemwona mvivu.

Twende sasa Nairobi, tarehe 4 Oktoba 1996, katika uwanja wa Gymkhana. Pakistani inacheza na Sri Lanka, waliokuwa mabingwa wa dunia mwaka huo. Anaingia Shahid Afridi, aliyeitwa katika timu kwa ajili ya kurusha mpira. Siku mbili kabla alikuwa amecheza mechi yake ya kwanza, dhidi ya Kenya, wala hakupata zamu ya kupiga. Alifikisha mikimbio 100 kwa mipira 37. Alipotolewa alikuwa na 102 kwa mipira 40, na kumi na moja katika hiyo aliivusha mpaka hewani. Timu yake ilifika 371, ikashinda kwa mikimbio 82. Hapakuwa na aliyewahi kufikisha 100 kwa haraka hiyo katika mechi za siku moja baina ya mataifa, na ilipita miaka 17 na zaidi kabla ya Corey Anderson wa New Zealand kutumia mipira 36, mwaka wa 2014.

Basi tuweke mambo mawili pamoja: mikimbio 104 ya taifa zima, mchana kutwa, mbele ya Eisenhower, na 102 ya mtu mmoja kwa mipira 40. Kijana wetu mbishi angefunga jalada hapa na kudai ushindi. Lakini shahidi huyu naye ana mambo ya kuulizwa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na mpira uliopigwa katika hewa nyepesi hufika mbali. Gymkhana si uwanja mpana. Sheria za mechi ya siku moja huwazuia walinzi wengi wasikae mpakani katika ova za mwanzo. Na kama Bridgetown ilikuwa na ubishi wa dakika, Nairobi ina ubishi wa umri: hesabu ziliandika kwamba Afridi alikuwa na miaka 16 na siku 217, na kwa muda mrefu dunia ilimsifu kama mtoto, kisha mwaka wa 2019, katika kitabu cha maisha yake, mwenyewe akasema kwamba alizaliwa mwaka wa 1975.

Sisemi haya kumpunguzia mtu sifa. Nasema kwamba tarakimu iking'olewa katika udongo ulioiotesha hainenwi tena ukweli. Watu wa upande wetu wanalijua hilo kwa njia chungu. Mwaka wa 1947 Waingereza walipanga kulima karanga katika eka 3,210,000, nyingi zikiwa Tanganyika, na Nachingwea ikawa mojawapo ya mahali palipochaguliwa. Hesabu ilipangwa ikapendeza kabla ya ardhi na mvua kujulikana vizuri. Mpango uliachwa mwaka wa 1951, umekula pauni zipatazo milioni 36, na ile reli iliyojengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea haikudumu kupita mwanzo wa miaka ya 1960. Eka zile zilikuwa sahihi katika karatasi.

Hapa ndipo ninapolirudia lile nililoahidi. Wakati wa Hanif mpigaji alipimwa kwa dakika. Wakati wa Afridi anapimwa kwa mipira. Watu hawakubadilisha kipimo bure. Pakistani ilizaliwa mwaka wa 1947, ikakubaliwa katika Testi mwaka wa 1952, na taifa changa lililokuwa likidhaniwa halitadumu lilimpenda mtu aliyekataa kutolewa. Sare ya Bridgetown ilipokewa kama ushindi. Baadaye zikaja mechi za siku moja, zikaja televisheni na matangazo ya biashara, na muda wa mtazamaji ukawa na bei. Tangu hapo aliyesimama bila kupiga amekuwa mdaiwa. Inzamam-ul-Haq alipopata mikimbio 60 kwa mipira 37 huko Auckland, katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la 1992, nchi yake iliiona njia ya kikombe. Hakuna anayekumbuka zilikuwa dakika ngapi.

Katikati ya zama hizo mbili yuko mtu ambaye sisi tumemsahau upesi mno. Qasim Umar alizaliwa Nairobi mwaka wa 1957, akaichezea Pakistani Testi 26 katika miaka ya 1980. Mara mbili alipita 200, zote mbili Faisalabad: 210 dhidi ya India mwaka wa 1984, na 206 dhidi ya Sri Lanka mwaka wa 1985, siku aliyoongeza pamoja na Javed Miandad mikimbio 397. Mzee atasema Faisalabad ilikuwa pepo ya wapigaji, na hatakosea. Lakini ni wachache walioingia pepo hiyo wakatoka na 200 mara mbili.

Wapo wapendao kumaliza ubishi kwa wastani. Hanif ana 43.98 kwa kila kutolewa. Miandad ana 52.57, Younis Khan, Mpakistani wa kwanza kufikisha mikimbio 10,000 ya Testi, ana 52.05. Orodha hiyo haisemi kwamba Hanif alitangulia kuikabili mipira ya kasi bila kofia. Wala haisemi kwamba baada ya timu ya Sri Lanka kushambuliwa Lahore, Machi 2009, Pakistani ilikaa miaka kumi bila Testi nyumbani kwake, na Younis na wenzake wakaziita Dubai na Abu Dhabi nyumbani. Mimi, nikilazimishwa kuchagua mmoja, humchagua Younis kwa ajili ya hilo, na najua kwamba wastani haunisaidii kulithibitisha.

Babar Azam ndiye anayelaumiwa zaidi katika siku zetu kwa kipimo hiki kipya: katika mechi fupi za ova 20 huambiwa kwamba mipira inapita mikononi mwake bila faida. Machi 2022, Karachi, Australia iliidai Pakistani mikimbio 506 katika zamu ya mwisho. Babar, akiwa nahodha, alipiga kwa zaidi ya saa kumi, akapokea mipira 425, akatolewa na 196, bado minne kufika 200. Mohammad Rizwan akamalizia na 104, hajatolewa. Pakistani ikafika 443 kwa watu saba, na mechi ikawa sare. Safari hii waandishi walihifadhi mipira na dakika pia. Ulikuwa ni Uwanja wa Taifa ule ule wa siku ya Eisenhower, ila jamvi lilikuwa limekwisha kukunjwa zaidi ya miaka 60, na Hanif, aliyefariki mji huo huo mwaka wa 2016, hakuwapo kuhesabu saa.