Muthoni Likimani, mtaalamu wa uhusiano mwema aliyewapa wanawake majina

MUTHONI Likimani anafahamika zaidi kama mwandishi wa vitabu. Hata hivyo, kazi iliyomweka mbele ya umma jijini Nairobi kwa miaka mingi ilikuwa ya mawasiliano: utangazaji wa redio kwanza, kisha uhusiano mwema na uchapishaji kupitia kampuni yake mwenyewe, Noni's Publicity.

Alizaliwa katika miaka ya 1920 kwenye misheni ya Kahuhia, Murang'a. Babake, Levi Gachanja, alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza nchini kupata ukasisi katika Kanisa la Kianglikana. Likimani alisomea ualimu na kufundisha kabla ya kujiunga na redio, alikotayarisha vipindi vya wanawake na watoto. Aliolewa na Dkt Jason Likimani, aliyekuja kuwa Mkurugenzi wa Huduma za Tiba baada ya Uhuru.

Ni vigumu kuielewa kazi yake pasipo kukumbuka jinsi neno "maendeleo ya jamii" lilivyoingia masikioni mwa wanawake wa Kenya ya Kati. Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari mnamo Oktoba 20, 1952. Idara iliyosimamia maendeleo ya jamii, chini ya Thomas Askwith, ndiyo hiyo hiyo iliyokabidhiwa jukumu la "kuwarekebisha" wafungwa wa Mau Mau. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa mwaka huo huo wa 1952 chini ya mwavuli wa idara hiyo. Vikundi vyake vilifundisha ushonaji, mapishi na usafi, vikatunza watoto na kugawa chakula. Huduma hizo zilihitajika, hilo halina ubishi, lakini zilikusudiwa pia kuwatenga akina mama na wapiganaji waliokuwa msituni.

Kuanzia 1954, zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu hadi vijiji vilivyozungushiwa mitaro na miti iliyochongwa ncha. Kwa kuwa wanaume wengi walikuwa kizuizini, msituni au mijini, wanawake ndio waliochimba mitaro hiyo, wakajenga barabara chini ya ulinzi, na jioni wakarejea kutafuta chakula cha watoto kabla ya saa ya kafyu. Afisa aliyefika na mabango ya maendeleo na askari aliyefika na bunduki walitumwa na serikali moja.

Hapo ndipo chimbuko la kitabu chake kilichosifika zaidi, Passbook Number F.47927, kilichochapishwa mwaka 1985. Ni masimulizi ya kubuni yaliyojengwa juu ya mambo halisi yaliyowapata wanawake wakati wa hali ya hatari. Kichwa chake ni namba ya kitabu cha pasi. Kipande cha zamani, kilichoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kiliwalenga wanaume. Pasi ya miaka ya 1950 ilimfikia mwanamke pia, ikawa kwamba mbele ya karani na askari alijulikana kwa tarakimu kabla ya jina lake.

Likimani alikuwa amekwisha kutoa vitabu viwili mnamo 1974: They Shall Be Chastised, riwaya inayoyatazama kwa jicho kali maisha ya misheni, na What Does a Man Want?, kilichoandikwa kwa mtindo wa shairi kuhusu wanawake na waume zao.

Mwaka 1985 ulikuwa na uzito wa pekee. Kongamano la tatu la Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake lilifanyika Nairobi mwezi Julai, na maelfu ya wajumbe wa mashirika yasiyo ya kiserikali wakakutana Chuo Kikuu cha Nairobi. Noni's Publicity ilichapisha mwaka huo kitabu cha Likimani kuhusu wanawake wa Kenya katika muongo wa maendeleo. Wageni waliotaka kujua wanawake wa nchi hii walikuwa wamefanya nini tangu Uhuru waliandaliwa jibu na Mkenya aliyewafahamu.

Kazi ya aina hiyo ina kasoro yake. Vitabu vya kutangaza mafanikio huelekea kuwasifu walio na vyeo na wenye elimu, na muuzaji wa mboga wa Gikomba hapati ukurasa. Lakini ukiweka kitabu hicho kando ya Passbook, vilivyotoka mwaka mmoja, utaona kwamba mwandishi hakuwasahau wengine. Cha kwanza kiliwaandika waliofika mbele, nacho cha pili kikawaandika waliochimba mitaro. Wataalamu wengi wa uhusiano mwema huishia kwenye kile cha kwanza, kwa sababu ndicho chenye mlipaji.

Kumbukumbu za Mau Mau kwa muda mrefu zilitawaliwa na majenerali wa msituni na viongozi waliofungwa Kapenguria. Wanawake walitajwa kama wabebaji wa chakula na ujumbe, mara nyingi kwa sentensi moja. Passbook ikawa miongoni mwa vitabu vinavyorejelewa na wasomi wanaotafiti nafasi yao.

Mwaka 2005 Likimani alitoa tawasifu yake, Fighting Without Ceasing, iliyochapishwa na Noni's Publicity.