Umechaguliwa Kozi Gani?

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka mwezi Julai, mtaani huzuka swali moja: "Umechaguliwa kozi gani?" Kijana atajibu sheria, uhandisi, ualimu au uuguzi, na aliyeuliza ataridhika. Miezi michache baadaye kijana huyohuyo anafika chuoni na kukabidhiwa orodha ya kozi sita za muhula wa kwanza. Anashangaa. Aliomba moja, hizi nyingine zimetoka wapi?

Hakuna aliyemdanganya. Mtaani "kozi" ni safari nzima ya miaka mitatu au minne mpaka joho. Chuoni ni kipande kimoja cha safari hiyo, chenye namba yake, mhadhiri wake na mtihani wake, na safari yenyewe inaitwa programu. Kile alichokiita somo akiwa sekondari sasa ni kozi, na kile alichokiita kozi akiwa nyumbani sasa ni programu. Hata "kombi" yake ya HGL au PCM, ambayo Wizara ya Elimu huiita kwa jina la heshima zaidi, tahasusi, imebaki langoni kama tiketi iliyokwisha chanwa.

Kupanda huku kwa maneno kuna matokeo yanayoonekana. Mzazi anauliza, "Kozi hiyo ina vipindi vingapi kwa wiki?" Akisikia ni vitatu au vinne anaanza kuhesabu ada na kunung'unika. Lakini chuo kikuu hakipimi kazi kwa vipindi. Mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, unapima kwa krediti: krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, mwaka mmoja una krediti 120, shahada ya miaka mitatu 360. Kozi ya krediti 12 basi ni saa 120, na nyingi kati ya hizo hana mwalimu mbele yake. Yuko maktaba, maabara, au mbele ya karatasi tupu ya kazi ya kuwasilisha Ijumaa. Neno "kipindi" halina nafasi ya kuzihesabu saa hizo, ndiyo maana mwanafunzi aliyerudi nyumbani saa sita mchana huonekana mtoro.

Narudi kwenye kitenzi cha swali letu: kuchaguliwa. Kina historia. Kati ya mwaka 2010 na 2017 maombi ya vyuo yalipitia mfumo mmoja wa TCU, na mwombaji alikaa kusubiri mfumo umpangie. "Nimepangiwa Dodoma," alisema, na alisema kweli. Tangu 2017 mwombaji anatuma maombi mwenyewe chuo kwa chuo, anaweza kudahiliwa na vyuo vitatu kwa mkupuo, halafu ni yeye anayethibitisha kimoja kwa namba ya siri aliyotumiwa kwenye simu. Yaani siku hizi anayechagua ni kijana. Lugha haijapata habari. Bado anachaguliwa, bado anapangiwa, na wapo wanaochelewa kuthibitisha kwa sababu vichwani mwao jambo limekwisha: si wamechaguliwa?

Ofisi zenyewe husema "udahili", na hapo nina neno zuri la kulitetea. Limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuingia. Zanzibar mzizi huohuo umezaa dahalia, mahali wanapolala wanafunzi wa bweni. Kwa hiyo mwanafunzi wa Unguja anadahiliwa kisha analala dahalia, na masikio yake yanausikia undugu wa maneno hayo mawili, ilhali mwenzake wa Bara anadahiliwa kisha anahangaika kutafuta hosteli. Ila udahili usichanganywe na usajili. Udahili ni nafasi uliyopewa. Usajili ni kazi utakayoifanya ukifika, kwa vyeti halisi, ada na foleni. Kila mwaka wapo waliodahiliwa ambao hawakusajiliwa, na chuoni hao hawahesabiki kuwa wanafunzi.

Swali la nani mkubwa chuoni lina kichekesho chake. Mgeni anasikia "Mkuu wa Chuo" na "Makamu Mkuu wa Chuo", anadhani akiwa na shida kubwa amwone wa kwanza. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam Mkuu wa Chuo ni Jakaya Kikwete, rais mstaafu, ambaye atamwona siku ya mahafali. Anayekiendesha chuo kila siku ni Makamu. Chini yake wako manaibu, hivyo tunaye Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia taaluma, cheo ambacho kwa Kiswahili cha kawaida ni msaidizi wa msaidizi, kumbe ni mtu mwenye mamlaka ya kutosha. Wakenya walilikwepa tatizo hili kwa kutohoa: wao wana Chansela na Naibu Chansela. Mlimani, kama chuo hicho cha Dar es Salaam kinavyoitwa, tuna pia rasi wa ndaki, yaani "college", na amidi wa shule kuu. Rasi nalipenda. Ni kichwa kwa Kiarabu, ni ncha ya nchi iliyoingia baharini kwa mabaharia wetu, na sasa ni mtu mwenye ofisi na katibu muhtasi.

Shahada haina matata. Ni ushahidi, ndugu wa "shahidi" na "kushuhudia", na Mwislamu analijua neno hilo kabla hajajua kusoma. Matata yapo kwa wadogo zake. Astashahada ni cheti, stashahada ni diploma, na kati yao kuna sauti moja tu ya mwanzo ambayo redio ikikwaruza kidogo haisikiki. Hizi ni istilahi zilizoundwa kwa ajili ya jicho, zikalisahau sikio. Watu wamezihukumu kimyakimya: nenda chuo chochote cha kati uulize, utajibiwa cheti na diploma. Juu ya shahada mambo ni bora, ingawa hatujakubaliana. Shahada ya pili wengine wanaiita uzamili, wengine umahiri. Ya tatu ni uzamivu huku kwetu na uzamifu Kenya, na picha ni ileile ya mtu aliyezama kilindini. Wasiwasi wangu ni mmoja tu: mtaani "kuzamia" ni kuingia harusini bila kadi au melini bila tiketi, na bado sijaona mzamivu anayefurahia kuitwa mzamiaji.

Niyapitie haraka mawili mengine. Muhula kwa asili yake ni muda wa nafuu, muda anaopewa mtu kabla ya kudaiwa. Anayeingia wiki ya kumi na mitihani iko mlangoni ataipata maana hiyo ya kale bila kamusi. Na mhadhara, kabla ya kumfikia kijana akiwa chuoni, kwa kawaida ulimfikia mtaani kwenye vipaza sauti vya mabishano ya dini. Ndiyo sababu baadhi ya wanaoanza hufika ukumbini wakingoja kushawishiwa, na wakakuta mtu anasoma slaidi.

Kufikia hapa nimezungumzia maneno ya ofisi. Lakini maswali yanayomkosesha mwombaji usingizi ni mengine: nitalala wapi, nitakula nini, nikifeli itakuwaje? Hayo hujibiwa kwa Kiswahili cha wanafunzi wenyewe, na hicho nadhani ndicho kinachosema kweli zaidi, isipokuwa kwa neno moja nitakalolifikia.

Nitalala wapi? Mlimani pana mabweni ya tangu chuo kilipohamia kilimani mwaka 1964, pana hosteli ya Mabibo, na pana hosteli za Magufuli zilizofunguliwa Aprili 2017 zikiwa na nafasi 3,840. Zote kwa pamoja haziwatoshi wanafunzi. Kutoka katika upungufu huo limezaliwa neno "kubebana": mwenye kitanda anamkaribisha asiye nacho, wanalala wawili panapotakiwa mmoja. Kanuni za mabweni zinakataza. Lakini tazama kitenzi walichokichagua. Hakisemi kujificha, hakisemi kuvamia. Kinasema mmoja amembeba mwenziwe, tena kwa kiambishi cha kutendana, kwa sababu mwakani huenda zamu ikageuka. Waraka mzima kuhusu uhaba wa malazi hausemi zaidi ya hapo.

Nitakula nini? Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, ina jibu linaloitwa fedha za kujikimu. Mwaka wa masomo 2022/23 zilipandishwa kutoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000. Wanafunzi wanaziita "bumu". Neno ni la Kiingereza, la kushamiri kwa neema, na kwa wiki ya kwanza baada ya kulipwa linafaa: simu mpya, viatu vipya, chipsi kuku kila jioni. Hili ndilo neno ninaloligombeza. Linaficha kwamba fedha hizo ni deni. Mhitimu akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe, na sijasikia mtu akisema "nakatwa bumu". Wakati wa kupokea ni bumu, wakati wa kulipa ni mkopo. Mwombaji akiuliza kuhusu bumu, aliyemtangulia amjibu kwa neno la pili.

Nikifeli itakuwaje? Huku msamiati umeshamiri kuliko mahali pengine popote, maana hofu huzaa maneno. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alama 40 katika 100 zinatoka kwenye kazi na majaribio ya muhula, na 60 kwenye mtihani wa mwisho. Chini ya 40 kwa jumla, kozi "imekukamata", na utarudia mtihani, yaani utakuwa na "sapu". Sapu nayo ikikushinda unaweza "kukeri", kuibeba kozi hiyo mwaka unaofuata juu ya kozi nyingine za mwaka huo. Wastani wote ukianguka mno, "unadisko".

Kudisko kumetokana na neno la Kiingereza la kusitisha, likakatwa mkia, likakutana njiani na disko la muziki na kuchukua sura yake. Ni mzaha mchungu: mtu anafungasha godoro, wenzake wanasema amedisko. Ila kinachonivuta ni kauli ya kitenzi. Barua ya chuo itasema amesitishiwa masomo, kauli ya kutendewa, na mtendaji hatajwi. Wanafunzi wanasema amedisko, kauli ya kutenda, naye ndiye mtendaji. Kijana yuleyule aliyeingia kwa kuchaguliwa na kupangiwa, akitoka kabla ya wakati anatoka kwa kitendo chake mwenyewe. Ni kali, na si haki kila mara, maana wapo waliodisko kwa ugonjwa au kwa ada. Hata hivyo naona Kiswahili hiki kimemfundisha mwanafunzi jambo ambalo hotuba za wiki ya utambulisho humweleza kwa saa nzima, kwamba kuanzia sasa hakuna wa kumshika mkono.

Kuna dawa zake, nazo zina majina. "Msuli" ni kusoma kwa nguvu, hasa usiku, na hupigwa. "Madesa" ni makaratasi yaliyotolewa nakala, muhtasari wa mwenzako wa mwaka jana au sura mbili za kitabu ambacho maktaba ina nakala zake mbili, na hayo yamewavusha wengi na kuwazamisha wengi vilevile. Na mahali pa msuli na madesa ni kimbweta.

Nasimama kidogo kwenye kimbweta. Ni meza ya saruji yenye viti vya saruji, chini ya mti, nje. Simulizi iliyozoeleka Mlimani inalihusisha jina hilo na Profesa Tolly Mbwette, mhandisi aliyefundisha hapo kabla ya kuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu Huria. Hakuna kamati iliyokaa kulipitisha. Wanafunzi walilichukua jina la mtu, wakalipachika kwenye ngeli ya ki-vi, na leo mtu anakwenda kimbwetani au kuulizia vimbweta vitupu hata katika vyuo vya mikoa mingine. Siasa za wanafunzi, uchumba, mijadala ya Nyerere na ya ligi kuu, vyote hupita hapo. Mwombaji akitaka kujua maisha ya chuo yakoje, sitampeleka jengo la utawala. Nitampeleka kimbwetani saa kumi jioni, asikilize.

Ajabu ni kwamba mlima huohuo ndio nyumba ya waunda istilahi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilianza hapo mwaka 1964, ikirithi kazi ya kamati ya lugha ya mwaka 1930. Ndiyo iliyotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Na tangu 2009 imeunganishwa katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Rasi, amidi na ndaki zimebandikwa milangoni. Lakini mwongozo wa udahili anaoufungua kijana wa Nachingwea au Kibondo umeandikwa kwa Kiingereza, pamoja na maelekezo ya kujiunga, na maneno yaliyoundwa kwa ajili yake haonyeshwi mpaka awe ameshafika.

Vyuo vyetu vinaweza kulirekebisha hili kwa karatasi chache. Viweke mwanzoni mwa mwongozo ukurasa wa Kiswahili unaoeleza programu, kozi, krediti, udahili, usajili na mkopo, na upande wa pili viandike bila aibu sapu, kukeri, kudisko na bumu. Na wewe unayeomba mwaka huu, ukipiga simu ofisi ya udahili ulizia programu. Neno kozi utalihitaji Oktoba.