Mahesabu Kwanza, Meza Baadaye

Jina Kariakoo lilitokana na Carrier Corps, wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Jengo la soko, lililochorwa na Mtanzania Beda Amuli, lilifunguliwa 1975. Mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi, wachuuzi wakasakwa. 1984 masharti ya kuingiza bidhaa yakalegezwa, ushindani ukakua. Tarehe 10 Julai 2021 soko likaungua.

Tunajifunza nini? Soko hugeuka. Ndiyo maana kabla ya kutoa mkopo tunamwuliza mwenzetu: utauza nini, kwa nani, faida itabaki ngapi, na mambo yakiharibika utalipaje? Asiye na jibu husubiri kwanza. Si roho mbaya, akina mama; hela ile ni jasho letu sote.