Kuhesabu Moyo

Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Nilikuwa muuguzi kijana kambini Benaco. Chombo changu kilikuwa saa ya mkononi: vidole juu ya mshipa, nahesabu robo dakika, nazidisha kwa 4. Foleni ilikuwa ndefu, na mazoea ya foleni hayatoki upesi.

Kazi yenyewe ni ya kale. Herophilos wa Alexandria, Misri, alipima mapigo kwa saa ya maji zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Mwaka 1707 Mwingereza John Floyer alieleza saa yake ya kuhesabia dakika moja. Kisha, mwanzoni mwa karne ya 20, Mholanzi Willem Einthoven akaufanya moyo ujiandike wenyewe. Mashine yake ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, na mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu katika maji ya chumvi. Mwaka 1924 alipewa Tuzo ya Nobel.

Miaka ilipita. Shangazi yangu wa Biharamulo akaanza kuishiwa pumzi. Nilimshika mkono robo dakika: mapigo 21, yaani 84.

"Ni uchovu tu, shangazi."

"Wewe ndiye mganga wetu, mwanangu," akajibu.

Alipozidiwa tulimpeleka penye mashine. Karatasi ya elektrokadiogramu hutembea milimita 25 kwa sekunde, hivyo mraba mmoja mkubwa ni sekunde 0.2. Moyo ukipiga sawasawa, gawa 300 kwa idadi ya miraba iliyo kati ya vilele viwili. Ikiwa 4, jibu ni 75. Lakini vilele vya shangazi vilipishana ovyo. Daktari akahesabu miraba 30, yaani sekunde 6, akakuta vilele 14. Akazidisha kwa 10: 140!

Mapigo mengine yalikuwa dhaifu, hayakufika mkononi. Hilo halikuwa kosa langu. Kosa langu ni kwamba vidole viliniambia mwendo umevurugika, nami nikasikiliza hesabu.

Dawa ilimpunguzia kasi, akaishi miaka mitatu zaidi. Tangu hapo mapigo yakienda ovyo huweka sikio kifuani, nikahesabu dakika nzima, hata foleni ikinung'unika.