Mzigo wa Frasila Mbili

Katika karne ya 19, kabla ya reli, bidhaa zilizopita katika njia kuu ya biashara kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, na kuendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, zilibebwa na binadamu, kwa kuwa mbung'o waliwaua punda na ng'ombe njiani. Wabebaji hao waliitwa wapagazi. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi, na ni kosa kuwachanganya na watumwa, kwani kwao upagazi ulikuwa kazi ya ujira na fahari ya ujana.

Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, na frasila moja ni karibu kilo 16. Uzito huo haukupunguzika kwa urahisi, kwa sababu nguo, ushanga na masango, yaani nyaya nene za shaba, ndizo zilizokuwa fedha ya bara: kwazo msafara ulinunua chakula na kulipa hongo, ushuru wa kupita katika nchi ya mtawala. Basi nafuu ilitafutwa kwanza katika ufungaji. Nguo zilikazwa zikawa mtumba, furushi refu lililoviringishwa ndani ya makanda na kufungwa kwa kamba za makumbi, likatiwa fito pembeni lisipinde. Fito hizo zilichomoza chini mfano wa panda, hata mpagazi aliyetaka kupumzika aliuegemeza mtumba mtini bila kuulaza kwenye tope, na bila kuhitaji kuuinua tena kutoka ardhini. Masango yalitundikwa kwenye ncha mbili za mti, nao uliitwa mzega. Mnyamwezi alibeba begani, ilhali mtu wa pwani alijitwika kichwani juu ya ngata.

Ustadi mkubwa zaidi ulionekana katika vitu vya mpagazi mwenyewe, ambavyo vilikuwa vichache mno: mkeka, kibuyu, silaha, na chungu kilichotumiwa na kambi nzima, yaani kikundi cha watu waliokula pamoja, hivyo si kila mtu aliyehitaji kubeba chake. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton, aliyesafiri njia hii mwaka 1857, aliandika kwamba mvua iliponyesha wapagazi walivua ngozi ya mbuzi waliyovaa, wakaikunja na kuiweka kati ya bega na mzigo. Mgeni angeweza kuona kitendo hicho ni kinyume cha akili, lakini kilikuwa cha busara kabisa: mwili hukauka upesi, ngozi iliyolowa huwa nzito, na bega lililochubuka ndilo humkwamisha mpagazi.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na misafara ya njia hiyo ikafifia. Neno mtumba halikupotea. Ndilo linalotajwa hadi leo masokoni, robota la nguo kuukuu linapofunguliwa.