Injini ya CG: Ilikotoka, na kwa Nini Unaweza Kuityuni Mwenyewe

Leo naweka mbolea pembeni nizungumzie pikipiki, maana maziwa yasiyofika kituoni asubuhi ni hasara kama nyingine yoyote.

Pikipiki nyingi kuukuu tunazobebea maziwa zina injini ya mtindo wa CG. Ukijua historia yake, hutaiogopa.

Miaka ya 1970, kampuni ya Honda ya Japani iliuza CB125 katika nchi zinazoendelea. Kamshafti yake ilikaa juu, kwenye kichwa cha silinda, ikizungushwa na mnyororo mdogo. Ilikuwa injini nzuri, lakini ilitaka oili safi na marekebisho ya mara kwa mara. Wahandisi walipokwenda kuona inavyotumika, walikuta mizigo mizito na matunzo haba. Hawakumlaumu mtumiaji, walibadilisha injini. Mwaka 1976 ikatoka CG125. Kamshafti ilishushwa chini na kuzungushwa kwa gia, na valvu zikasukumwa na vijiti viwili. Baadaye muundo huo ulinakiliwa sana China, ndiyo maana pikipiki nyingi za Kichina za cc 125 na 150 tunazoziona barabarani ni wajukuu wake.

Lakini wahandisi wale walipunguza kazi ya matunzo, hawakuimaliza. Iliyobaki waliiacha kwa mwenye pikipiki.

Mimi nilijifunza hilo kwa hasara. Nilipoanza kazi, pikipiki yangu ya zamani ilikuwa haina kelele za tapeti kabisa, nikajisifu. Kumbe tapeti zilikuwa zimebana. Valvu ya moshi hupoa inapokaa kwenye kiti chake, na ikizuiwa kufunga, inaungua. Yangu iliungua katikati ya msimu wa kupanda, nikawa natembelea wakulima kwa miguu.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Acha injini ipoe usiku kucha. Toa plagi na vifuniko vya tapeti na vya sumaku.
2. Zungusha sumaku kwa spana hadi alama ya T ilingane na alama ya kwenye boksi la injini. Tapeti zote mbili zicheze kidogo. Zisipocheza, zungusha mara moja tena.
3. Pitisha kipimo cha bapa (fila). Kwa CG125 ni milimita 0.08, valvu zote mbili. Kipite kwa kukwaruza kidogo. Kwa injini nyingine fuata kitabu chake.
4. Kaza nati huku umeshikilia skrubu, kisha pima tena. Wengi hukosea hapa, kwa sababu nati inapokazwa huivuta skrubu.
5. Angalia plagi. Rangi ya kahawia ni nzuri. Masizi meusi makavu maana yake petroli ni nyingi au chujio la hewa limeziba. Nyeupe maana yake hewa imezidi. Nafasi yake iwe milimita 0.6 hadi 0.7.
6. Kabureta iwe ya mwisho, injini ikiwa ya moto. Ukianza nayo, utaficha kosa la tapeti.

Mara ya kwanza kaa na fundi unayemwamini, umwombe akuache ushike spana wewe. Valvu ikishaungua, kazi hiyo ni ya fundi, na gharama ni yako.