TUA, BWAGA AU ZIMA? Neno moja la Kiingereza na wapagazi wa Tabora

Majaribio yamepita, bumu bado halijaingia, basi leo tupige stori ya historia kidogo. Usiogope, sio ya kukariri tarehe. Ni historia ya neno.

Sisi wa ualimu tunaosoma Historia na Kiingereza tunavijua vile vitenzi vya maneno mawili vinavyowatesa wanafunzi. Chukua put down. Fungua kamusi: kuweka chini, kushusha, kuandika, kumdhalilisha mtu mbele za watu, kumuua mnyama mgonjwa asiteseke, kuzima maasi. Mwanafunzi atauliza, "Sasa mwalimu, kwa Kiswahili ni ipi?" Wengi tunajibu "inategemea" halafu tunafuta ubao. Mimi naona kwetu Tabora kuna jibu zuri zaidi, maana kama kuna watu walioijua kazi ya kuweka kitu chini, ni wapagazi wa njia ya kati.

Njia yenyewe mnaijua: Bagamoyo, Mpwapwa, inakatiza Ugogo, inafika Tabora (enzi hizo Kaze na Kwihara), halafu Ujiji ziwani. Burton na Speke walifika Kaze Novemba 1857, baada ya zaidi ya miezi minne njiani kutoka pwani. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, pembe za ndovu zikienda pwani, nguo, shanga na waya zikirudi bara. Mnyamwezi alibeba begani. Hata neno lenyewe, mpagazi, lina ukoo na pagaa, kubeba mabegani. Na mtu aliyepandwa na pepo tunasema amepagawa, yaani amegeuzwa yeye kuwa mbebaji!

Sasa mtu wa namna hiyo hawezi kuwa na neno moja tu la kuweka chini.

La kwanza ni TUA. Huku ni kushusha mzigo kwa utaratibu, kwa kuwa mahali pa kupumzika pamefika. Mahali hapo ndipo kituo. Fikiria: kituo cha daladala, kituo cha polisi, kituo cha afya, mpaka alama za vituo tunazofundisha kwenye sarufi, zote zimetoka kwenye kitenzi cha kushusha mzigo. Ndege inatua, jua linatua. Ukiweka nukta mwisho wa sentensi, umetua.

La pili ni BWAGA. Hapa hakuna utaratibu, ni puu! Mwanamieleka anambwaga mwenzake, magazeti ya michezo timu zinabwagana kila wikiendi, na hapa chuo mtu akiachwa na mpenzi wake tunasema kabwagwa. Wapagazi nao walikuwa na kubwaga kwao. Vitabu vya wasafiri wa Kizungu vimejaa malalamiko kwamba wapagazi wameweka mizigo chini, hawaendi popote mpaka suala la posho au malipo limalizwe. Wasafiri waliandika kwamba ni uvivu. Mimi naita mgomo. Na sisi tunaosubiri bumu tusijifanye hatuelewi.

La tatu ni TELEKEZA. Leo kutelekeza ni kuacha mke na watoto bila matunzo. Kwenye msafara ilikuwa safari ya mchana: mnapumzika, mnapika, mnanywa, halafu mnaondoka jua kali ili mkalale porini pasipo na maji na kuwahi maji kesho yake. Burton aliliandika "tirikeza". Kwa hiyo neno la kupanga safari limekuja kuwa neno la kutupa familia. Maneno nayo yana maisha yake.

Tuje kwenye jina la Bagamoyo. Wengi tumefundishwa kwamba ni "bwaga moyo", maneno ya mtumwa anayeacha moyo wake pwani kwa kuwa harudi tena kwao. Lakini ipo maana nyingine: mpagazi amefika, ametua mzigo, anauambia moyo upumzike. Utumwa ulikuwepo, tena sana. Tabora penyewe watu waliuzwa, na sheria ya kuufuta Tanganyika ilikuja 1922. Hilo halifichiki. Lakini mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu wapagazi, ameonesha kwamba wengi wa wabebaji wa njia hii walikuwa watu huru, wafanyakazi wa kulipwa, na Wanyamwezi ndio waliokuwa mabingwa. Tukisoma "bwaga moyo" kwa maana moja tu, babu aliyetembea mpaka pwani kutafuta nguo za merikani kwa jasho lake tunamfunga minyororo ambayo hakuivaa. Mimi nashikilia maana ya mpagazi, bila kumsahau mtumwa aliyepita njia ileile.

Halafu kuna ile put down ya mwisho, kuzima maasi. Emin Pasha alipandisha bendera ya Wajerumani Tabora mwaka 1890. Mtemi Isike wa Unyanyembe akakataa. Januari 1893 Wajerumani wakiongozwa na Tom von Prince wakaivunja ngome yake, na Isike akaona heri alipue baruti akiwa ndani kuliko kukamatwa mzima. Ukiandika kwamba maasi ya Isike "yalizimwa", umeshakubali kwamba yeye ndiye aliyewasha moto. Jamani, mtu anaasije nyumbani kwake? Kiingereza kinakuruhusu uandike put down bila kusema uko upande gani. Kiswahili kinakubana: walizima, walikandamiza, au walivamia wakashinda? Lazima uchague, na ukichagua umeshaonesha umesimama wapi.

Reli ya Kati ilifika Tabora 1912, Kigoma 1914, na kazi kubwa ya mabega ikapungua mpaka ikaisha. Mizigo ikahamia kwenye mabehewa. Maneno yakabaki kwetu, na vituo vya treni pia.

Kwa hiyo walimu wenzangu, mwanafunzi akiuliza put down ni nini, tusimwambie "inategemea" tukaishia hapo. Tumuulize: nani anaweka chini, anaweka nini, na kwa hiari ya nani? Akijibu hayo matatu, neno atalipata mwenyewe, na historia kidogo juu yake.

Naishia hapa. Wa Tabora, Nzega, Sikonge na Urambo, kama babu zenu walikuwa na neno lao la kushusha mzigo, semeni tujifunze. Na wa Bagamoyo mkitaka kunibishia, karibuni sana.